Gari-Nyumba Lililovuja Rebero

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika jikoni, na kila nikiitazama najiuliza mtu aliyestaafu anatakiwa awahi wapi. Hata hivyo nawashukuru. Keki ilikuwa nzuri, na hotuba ilitaja vyeo vyangu vyote, pamoja na kimoja ambacho sikuwahi kupewa. Lakini kilichonigusa ni swali la yule binti wa idara ya viti, aliponivuta pembeni: "Mama Shabani, ulikuwa unajuaje maji yanapita wapi?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, nikamtikisia kichwa tu. Jibu lake ni hili hapa, na ninyi wengine mkitaka kusoma, someni.

Nilianza mwanzoni mwa mwaka 1990, katika gereji moja ya Nyamirambo, hapa Kigali, chini kidogo ya barabara ya mabasi. Sikuajiriwa kama fundi wa magari. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mimi nilikulia chini ya meza yake nikiokota vifungo, na mwenye gereji alitafuta mtu wa kushona viti vya taksi. Nilifika na cherehani yangu ya mkono kichwani. Wanaume wakaacha kazi kunitazama, na mmoja akauliza kama nimekuja kumpima suruali. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ile aliyovaa imechanika nyuma. Alishika nyuma, wenzake wakacheka, na mimi nikatafuta pa kuweka cherehani.

Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha taksi moja kuukuu. Nilikishona vizuri, nikakijaza sponji mpya, kikaenda. Baada ya siku chache kikarudi kimelowa, kina madoa na harufu ya mbwa. Nikakifumua, nikakikausha, nikakishona tena. Kikarudi tena. Safari hiyo aliyekuja kusimama mbele ya cherehani yangu ni Mzee Sudi, fundi wa vioo na bodi, mtu mfupi mwenye masikio makubwa na kikombe cha chai kisichomtoka mkononi. Wazee wake walitokea Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutusahihisha sote.

"Mwanangu, unashona kidonda bila kumtafuta mbwa," akasema. "Njoo."

Akanipeleka kwenye ile taksi, akainua kikombe, akamimina chai juu ya paa, pale pembeni ya kioo cha mbele. Akaniuliza itatokea wapi. Nikaonyesha chini ya kioo, papo hapo, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Tukangoja. Ile chai ilichukua muda wake, ikatembea ndani ya bati tusikoweza kuona, ikaja kudondoka nyuma ya kiti cha abiria, upande mwingine kabisa. Mzee Sudi aliipenda chai kuliko watu wengi aliowajua, na siku ile alikimwaga kikombe kizima kwa ajili yangu. Nikajua nimepokelewa.

Tangu hapo nikawa nashona asubuhi na kutafuta maji mchana. Vifaa vyake vilikuwa vichache, na nyie mnaotumia mashine za kupima unyevu msicheke. Alikuwa na kipande cha pembe ya ng'ombe, kimesuguliwa mpaka kikawa laini, cha kusukumia mpira wa dirisha bila kuukata. Alikuwa na kamba nyembamba, ambayo unailaza ndani ya mfereji wa mpira, unaweka kioo mahali pake, halafu mtu wa ndani anaivuta polepole na mpira unajikunja wenyewe juu ya ukingo wa bati. Sabuni ya kipande ya kulainishia. Njiti ya gurudumu la baiskeli ya kuzibulia vitundu. Majivu ya jikoni, ambayo tuliyanyunyiza ndani ya ukuta kabla ya kumwaga maji nje, ili maji yakipita yaache alama. Na kama madirisha ni mengi, hili tulilimwagia maji yenye buluu ya kufulia, lile maji yenye udongo mwekundu, tukaona ni rangi ipi itakayoingia ndani.

Kingine alichotumia ni ulimi. Maji yoyote tuliyoyakuta ndani ya gari aliyaonja. Nilidhani ni uchafu tu wa kizee, mpaka nilipoona anatofautisha maji ya mvua na ya rejeta bila kufungua boneti.

Silikoni hakuitaka. Kila gari lililokuja limepakwa silikoni kuzunguka kioo, kama mtoto aliyekula uji, alilizunguka huku akisonya. Chini ya fremu ya dirisha mtengenezaji huacha vitundu vidogo vya kutolea maji, na anayepaka silikoni huanza kwa kuviziba hivyo. Maji yaliyokuwa yakitoka yenyewe sasa yanabaki ndani na kutafuta mbao. Hilo bado mnalifanya. Nimewaona.

Mwaka 1994 ulimchukua Mzee Sudi, kama ulivyochukua wengi wetu. Ninaliandika mara moja tu, kwa sababu mwaka ule hauenei katika karatasi za kazi na sitajaribu kuueneza. Ile pembe ya ng'ombe ninayo mimi. Nilimpenda sana mzee yule, na sidhani nilimwambia, maana angenijibu kwa kejeli.

Nirudi nyuma: vita vilipoanza kaskazini mwishoni mwa 1990, kwetu gereji vilionekana kwanza kwenye mipira. Mipira ya madirisha iliyokuwa ikija kutoka Mombasa haikuja tena. Tukaanza kukata mirija ya matairi ya lori, kuichonga na kuigundisha. Hapo cherehani yangu ikapata heshima, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mkono wa kukata ukanda mrefu bila kupinda. Nilishona pia vipande vya turubai vya kuning'inia juu ya madirisha, tukaviita kope. Gari lenye kope halikupendeza, lakini lilikaa kavu.

Sasa nije kwa Faustin, maana ndiye aliyetuletea kazi iliyonifundisha kuliko zote.

Faustin alikuwa dereva wa lori, jitu la mabega mapana. Njia ya kaskazini ilipofungwa akawa anapita mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, cha haraka na cha sauti kubwa. Katika safari moja alikuta gari-nyumba limekwama njiani. Lilikuwa gari kuukuu la Wazungu wawili, mume na mke, lenye kitanda, makabati, jiko dogo na madirisha kila upande, na walikuwa wakizunguka nalo Afrika mpaka giaboksi ilipokufa. Faustin alilivuta hadi Kigali. Wenyewe wakangoja vipuri wakachoka, wakasikia habari za vita, wakapanda ndege wakamwachia. Akalipandisha juu ya matofali katika kiwanja alichopanga kule Rebero, na kwa muda mrefu waliolala humo ni kuku.

Kisha vita vikafika kwa mama yake, upande wa Byumba. Mukecuru Verediyana, kama tulivyomwita wote kwa heshima ya uzee wake, alifika kwa mwanawe na godoro, sufuria moja na picha ya Bikira Maria. Faustin alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga, yeye, mkewe Konsolata na watoto. Mama mzazi halali chumba kimoja na mwanawe na mkwewe. Hilo kwao halina mjadala, na kwetu pia. Kuku wakahamishwa, gari-nyumba likasafishwa, mukecuru akaingia.

Mvua za vuli za mwaka 1992 zikaanza, na Rebero ni kilima cha upepo, mvua huko haishuki bali inakuja kwa ubavu. Faustin akaja gereji na blanketi la mama yake mkononi, akalikamua mbele yetu.

"Mzee, ile gari iko navuja kila pahali. Mama iko nakohoa mpaka mimi nasikia kwa chumba yangu. Muganga alisema namna hii: kama hapana rala pakavu, masika yenye inakuja hawezi kuvuka."

"Na pengine pa kumweka?" akauliza Mzee Sudi.

Faustin akatazama chini. Majirani wote wa mukecuru, watu wa mlima wake, walikuwa kambini nje ya mji, chini ya mashuka ya plastiki. Mukecuru mwenyewe alishaanza kusema heri aende kwa wenzake, kuliko kulala ndani ya sanduku linalolia maji. Faustin aliijua kambi ile, alikuwa ameshapeleka mizigo huko. Alijua kifua kile kikienda kule hakirudi.

Tukapanda Rebero na vifaa vyetu. Mukecuru alitupokea mlangoni, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe, amesimama wima utadhani gari lile ni kasri.

"Karibu mukobwa wanjye," akaniambia, yaani binti yangu. Kiswahili chake alikiokota sokoni Byumba, akiwauzia maharage watu wa malori. "Iko kadogo, lakini ingia. Mzee pia, ingia."

Ndani palikuwa safi mno. Hilo nililiona, nikalisifu, na sikulifikiria zaidi.

Tukafungua madirisha yote. Mipira ilikuwa imekaushwa na jua mpaka inavunjika kama biskuti, na vitundu vya kutolea maji, bila shaka mmeshakisia, vilizibwa na silikoni ya Kizungu. Nyuma ya ukuta wa ndani plaiwudi ilikuwa nyeusi, na chini ya kitanda sakafu ilibonyea ukiikanyaga. Tukatoa mbao zilizooza, tukaacha mifupa ya gari ipigwe na jua, tukaweka plaiwudi mpya iliyopakwa mafuta pande zote mbili hadi kwenye kingo, maana kingo ndizo mdomo wa mbao, huko ndiko inakonywea. Tukazibua vitundu kwa njiti ya baiskeli. Nikakata mipira, Mzee Sudi akavuta kamba, mimi nikasukuma kwa pembe. Nikashona kope za turubai kwa kila dirisha. Mukecuru alizitazama akasema sasa gari lina macho ya mwanamke, akacheka mpaka akakohoa.

Tukanyunyiza majivu, tukamwaga maji ndoo kwa ndoo, ya buluu, ya udongo, ya kawaida. Hakuna hata tone lililopita. Mzee Sudi alikunywa chai yake amekaa kwenye ngazi ya gari, na sijawahi kumwona ameridhika vile.

Baada ya wiki chache Konsolata akatuma mtu. Sakafu imelowa tena.

Tukapanda, tukatafuta, hatukuona pa kuingilia. Tukabadilisha mpira wa dirisha la nyuma kwa ajili ya kufanya kitu tu. Tukarudi mara nyingine, tukafungua dirisha la paa, tukalifunga upya. Kila tukienda tulimtanguliza mtu kumwambia Konsolata tunakuja, kama adabu inavyotaka, na kila tukifika tulimkuta mukecuru amevaa vizuri, chai iko tayari, ndani panang'aa, na chini ya kitanda maji. Plaiwudi yetu mpya ilianza kuwa nyeusi pembezoni. Kikohozi kilichokuwa kimepungua kikarudi.

Kilichomtesa Mzee Sudi ni kwamba tulikuwa Februari, jua kali, hakuna wingu tangu siku nyingi. Maji ya nini? Akasema ni pumzi ya mtu aliyelala, inagandia kwenye bati na kushuka. Tukatoboa matundu ya hewa juu ya mlango. Maji yakaongezeka. Akachovya kidole chini ya kitanda, akaonja, akakunja uso.

"Yana sabuni," akasema.

"Si ile yetu ya kulainishia mipira?" nikamwuliza.

Akafikiri, akakubali. Tukaanza kusuuza mipira yote ili tutoe sabuni yetu wenyewe. Nikikumbuka leo natamani kujipiga kofi.

Faustin alikuja gereji siku moja kabla ya safari yake ya Dar es Salaam. Hakupiga kelele kama kawaida, na hilo lilitutisha zaidi.

"Mzee, mimi nilikuamini. Sasa mama amefunga vitu yake. Anasema anaenda kwa wenzake, na mimi sina neno ya kumuzuia. Nikirudi safari, nampeleka kambi."

"Nipe nafasi moja," akasema Mzee Sudi.

"Mvua nayo itakupa nafasi?" Akageuka akaondoka.

Siku nzima Mzee Sudi hakugusa chai. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili ya yule bibi zaidi. Nilikuwa nimeshampenda. Alikuwa amezoea kunishika mkono kila nikiaga, akiuliza habari za mwanangu Shabani kwa jina, kana kwamba amemlea yeye.

Kesho yake nikaamua kwenda peke yangu asubuhi, bila kutuma mtu. Ilikuwa ni kukosa adabu, lakini nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nilipokaribia niliona mlango wa gari-nyumba uko wazi. Mukecuru alikuwa ndani pekupeku, sketi ameipandisha kiunoni, ameshika beseni lililojaa maji ya povu. Akalimwaga lote kwa mkupuo mmoja, kutoka mlangoni hadi kitandani. Kisha akachukua rakileti, ule mti wenye ukanda wa mpira ambao kila nyumba ya Kigali inao wa kusukumia maji, akaanza kuyasukuma kuelekea mlangoni kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Lakini gari lilikaa juu ya matofali likiwa limelala kidogo kwa nyuma. Maji machache yalitoka mlangoni. Mengine yote yalirudi yenyewe, yakapita chini ya miguu yake, yakaingia chini ya kitanda yakatulia. Alipanguza mbele kwa kitambaa, pakang'aa.

"Mukecuru," nikamwita, "hivi unadeki kila siku?"

Alishtuka, akashusha sketi. "Mukobwa wanjye! Umekuja hapana sema! Ndiyo, kila siku. Na kama munakuja nyinyi, mara mbili. Fundi mukubwa naingia kwangu, mimi naacha sakafu namna gani?"

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Kumbe kadiri tulivyokuja kuyatafuta maji, ndivyo alivyoyamwaga kwa heshima yetu. Mtu ambaye hajaishi Kigali hawezi kuelewa. Hapa sakafu haifagiliwi tu, inaogeshwa. Mgeni akikuta sakafu kavu isiyonukia sabuni, anajua mwenye nyumba ni mgonjwa au amekata tamaa.

Nikamweleza. Nikampeleka chini ya kitanda, nikambonyezea mbao. Nikamwambia kwa upole kwamba sakafu hii ni mbao, haiwezi maji, basi afagie tu na kupangusa kwa kitambaa chepesi, na kifua kitapona. Nilijiona mwerevu kweli.

Mukecuru alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kitandani, karibu na kifurushi chake ambacho tayari kilikuwa kimefungwa, akasema taratibu:

"Kule kwangu iko sakafu ya simenti. Mume wangu alimwaga yeye mwenyewe, mwaka nilizaa Faustini. Asubuhi yote ya maisha yangu nimeosha ile sakafu. Sasa iko huko, sijui nani anatembea juu yake." Akapitisha mkono juu ya blanketi. "Hapa, kama naosha, naona iko nyumba. Kama hapana osha, basi iko gari. Mimi hapana muzigo, mukobwa wanjye. Muzigo ndiyo narala kwa gari. Heri niende kambi na watu."

 Nilimshika mkono, halafu nikashuka Rebero kwa miguu nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Mzee Sudi aliposikia habari zote, aliagiza chai. Alipomaliza nusu akasema, "Basi ile sabuni ilikuwa sabuni," akatikisa kichwa. Nikamwambia maneno ya mukecuru, neno kwa neno. Akauliza kama nimemkataza kudeki. Nikasema nilimkataza, na amechagua kambi.

"Usimkataze tena," akasema. "Mwanamke huyu amenyang'anywa kila kitu, sisi tumnyang'anye na beseni?"

Wazo la tundu lilikuwa langu, na hilo nitajisifia kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kunisifia. Nilimwambia: tumeziba maji ya nje yasiingie. Sasa tuyape maji ya ndani pa kutokea. Tuweke sakafu ya bati juu ya mbao, kipande kimoja, kingo zake zipande ukutani kama sinia, kila kiungo kilehemiwe. Tuinue matofali ya nyuma, gari liinamie mlangoni. Na pale mlangoni, penye kona, tutoboe tundu na bomba.

"Tutoboe?" Mzee Sudi akaweka kikombe chini. "Maisha yangu yote naziba, leo nikatoboe gari la watu kwa mkono wangu? Nikiulizwa mbele ya Mungu?"

"Utasema Mama Shabani alikutuma."

"Hata Yeye atacheka," akasema, lakini alikuwa ameshasimama kutafuta keekee.

Tulitoa tena mbao zilizolowa, safari hii kwa haraka, maana mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mji kila alasiri na lori la Faustin lilikuwa njiani kurudi. Tulikausha, tukapaka mafuta, tukalaza bati. Mzee Sudi alilehemu kingo akiwa amelala kifudifudi, akisonya kila dakika, na mukecuru alimshikia taa ya mafuta ya taa karibu na mkono, kwa kuwa chini ya kitanda palikuwa giza. Tukanyanyua nyuma kwa jeki ya lori, tukaongeza matofali. Tundu alilitoboa mwenyewe. Alisimama na keekee muda mrefu, akasema bismillahi, akafumba jicho moja, akazungusha. Nikaweka bomba na kipande cha wavu kwa ajili ya panya. Mimi nikashona gunia la plastiki nene la kuvika godoro kwa chini.

Kisha tukamwambia mukecuru: "Haya, deki."

Alitutazama kama watu waliopotewa na akili. Akajaza beseni. Akamwaga kidogo, akingoja tumkemee. Hatukumkemea. Akamwaga lote. Maji yakaenda mbio kwenye kona, yakazunguka tundu na kutoweka, tukayasikia yakianguka nje kwenye nyasi. Alisukuma na rakileti mara mbili tu, na bati likabaki tupu hadi chini ya kitanda. Akapiga magoti, akapeleka mkono huko nyuma kabisa, akautazama. Mkavu. Akaangalia mkono wake tena. Mzee Sudi akajifanya anafunga sanduku la vifaa.

Alifungua kifurushi chake siku hiyo hiyo? Hapana, na nilisikitika. Kilibaki palepale kitandani, kimefungwa. Alisema tungoje mvua. Mtu aliyehamishwa mara moja haamini ukuta kwa sababu fundi amesema, na sikumlaumu.

Mvua ya kwanza kubwa ya masika iliponyesha, Mzee Sudi na mimi tulikuwa kwake. Tulikuja makusudi, mawingu yalipokuwa meusi tangu adhuhuri. Ilipiga Rebero kwa ubavu, kope zangu zikapigapiga kwenye vioo, na kelele juu ya paa zikawa kubwa hata hatukusikiana. Mzee Sudi alipitisha kiganja chini ya kila dirisha. Nilipitisha changu baada yake. Kisha tukakaa kwenye vigoda na vikombe vyetu, watu watatu ndani ya sanduku la bati, na hakuna kilichodondoka isipokuwa nje. Mukecuru alikuwa akikohoa kidogo tu, kikohozi cha kusafisha koo. Niligeuka kumwambia kitu nikamwona anafungua fundo la kifurushi. Akatoa picha ya Bikira Maria, akaitafutia msumari.

Hapo tukasikia lori. Faustin alifungua mlango kwa nguvu, amelowa chapachapa, kamba ya kufungia mizigo begani, buti zake zimejaa udongo mwekundu hadi juu ya vifundo. Alikuwa ametoka safari moja kwa moja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kufanya jambo ambalo amejilazimisha njia nzima.

"Mama," akasema kwa Kinyarwanda, "twende kabla barabara haijakatika."

Akainua mguu kuingia.

Mukecuru alikuwa amesimama na picha mkononi. Hakumtazama usoni. Alitazama buti, kisha bati linalong'aa, kisha buti tena.

"Faustini," akasema. "Vua viatu. Nimeshadeki."

Mguu ukabaki hewani. Faustin akamtazama mama yake, akatutazama sisi na miguu yetu mitupu, akatazama sakafu mpaka chini ya kitanda. Akashusha ile kamba begani, akaiacha ianguke nje matopeni. Akakaa kwenye ngazi, mvua ikimpiga mgongoni, akaanza kufungua viatu.